Saa Mbili ya Nani

"Binti, hiyo saa mbili ni saa mbili ya nani?"

Niliulizwa swali hilo nikiwa wiki ya tatu kazini. Nilikuwa na shahada ya kompyuta na sifa ya kuuliza maswali mpaka chuoni walinipa jina la Kwanini. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliyeuliza hakuwa mimi. Alikuwa mama wa makamo aliyejifunga kanga juu ya koti la maabara, na nilimjibu kwa ule upole wa dharau ambao sisi tuliosoma tunaujua vizuri.

Nitalirudia swali lake. Kwanza niseme kwamba nimestaafu mwezi uliopita. Najua mnacheka. Nina miaka thelathini na nne, na ofisi ya utumishi iliniambia neno sahihi ni "kuacha kazi". Mimi nasema nimestaafu. Mtu anastaafu anapoona kazi aliyoijia imekwisha, na yangu imekwisha. Kama kuna fomu inayopinga hilo, niliiacha kwenye droo ya juu bila kuijaza.

Nawaandikia ninyi mnaobaki, hasa wale mtakaokalia kiti changu na kuambiwa siku ya kwanza kwamba kazi yenu ni kudhibiti matumizi ya data. Sitasema nilipandishwa lini wala nililipwa nini. Hayo hayakunifundisha kitu.

Maabara yetu inapima mawe. Makao makuu yako Shinyanga mjini, na wakati naanza tulikuwa na kituo kimoja tu cha kupokelea sampuli, huko ukanda wa dhahabu upande wa Geita. Mchimbaji mdogo analeta kipande cha mwamba kutoka kwenye duara lake, yaani shimo lake, kinafungwa kwenye mfuko, kinaandikwa lebo, kinapimwa, na majibu yanatumwa Shinyanga yahakikiwe kabla hajapewa. Mtu anayesubiri majibu hayo ana watu wengine wamesimama mdomoni mwa shimo wakisubiri kuambiwa wachimbe au waache. Kwa hiyo mtandao wa kituo haukuwa wa anasa.

Kituoni kulikuwa na kompyuta moja, modemu moja yenye laini ya simu, na mabando mawili: dogo la mchana kwa kutuma majibu, na kubwa la usiku ambalo linaanza saa sita usiku na kukoma saa kumi na mbili alfajiri. Kwenye kompyuta hiyo wajiolojia walikuwa wameweka programu inayopakua yenyewe ramani na picha za setilaiti, kila siku, bila mtu kuigusa. Wafanyakazi waliiita Fisi. Haikuwa na adabu ya kushiba. Kabla sijaajiriwa ilikuwa inakula wakati wowote inaposikia harufu ya mtandao.

Siku yangu ya kwanza Meneja alinionyesha meza, akanionyesha choo, akasema, "Mfunge Fisi." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yote.

Aliyenifundisha kweli alikuwa Mzee Masanja, fundi aliyeanza na redio za upepo, zile za kuitana porini, kabla ya kuhamia kwenye kompyuta bila kubadilisha bisibisi. Alikuwa na kifaa cha kupimia umeme kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli, na alikipachika kwenye kila kitu kabla ya kutoa maoni. "Pima kwanza, halafu ulaumu," alikuwa akisema. "Ukilaumu kwanza, hutapima tena. Utaona aibu." Alikuwa pia na barua mbili za onyo kwenye faili lake, zote kwa kosa moja: kurekebisha vitu bila kujaza fomu ya kibali. Ya tatu ingemtoa, na alikuwa amebakiza miezi minne astaafu kwa heshima. Alinisimulia hayo akicheka, huku akifungua printa ambayo hakuwa na kibali cha kuifungua.

Ni yeye aliyenisimulia pia habari za Mama Kabula, mpokea sampuli wa kituoni. Zamani wajiolojia vijana walikuwa wakimcheka kwa sababu ya lebo. Sampuli ikifika saa tatu na robo asubuhi yeye anaandika 3:15, kompyuta inasema 09:15, na kwenye taarifa mwamba unaonekana umepokelewa kabla haujachimbwa. Walimpigia simu mbele za wachimbaji, wakamuuliza kama anapokea mawe kutoka kuzimu.

"Uliishaje huo ugomvi?" ningepaswa kuuliza. Mzee alisema tu, "Uliisha," na mimi, Kwanini mzima, nikaendelea kula karanga zake.

Fisi nilimfunga nikiwa Shinyanga, kwa kuingia kwenye kompyuta ya kituo kupitia mtandao. Nilifanya kama kitabu kinavyosema. Niliiambia programu ipakue kuanzia 00:00 hadi 06:00 tu, bila kikomo, kwa sababu hapo kuna bando la usiku na hakuna mtu anayetuma kitu. Nje ya muda huo kikomo ni sifuri. Nikaandika ujumbe kwa kituo kwamba kompyuta isizimwe, nikafunga laptop, nikajiona nimemaliza chuo mara ya pili.

Kuanzia wiki hiyo bando la mchana la kituo lilikuwa linakwisha kabla ya saa nne asubuhi. Kila siku. Majibu hayatoki. Wachimbaji wakakaa kwenye benchi la kituo mpaka benchi likavunjika. Mmoja wao alichukua simu ya Mama Kabula akanipigia mwenyewe: "Injinia, mtandao wenu umetumbukia duarani? Tuleteeni kamba tuwasaidie kuuvuta."

Meneja aliomba orodha ya matumizi kutoka kwenye kompyuta ya kituo. Niliivuta, nikaichapa, nikaweka mezani. Ilikuwa safi ajabu. Fisi alikuwa amekula saa za 02 na kitu hadi 03 na kitu, usiku, ndani ya muda wake. Kuanzia 06:00 hajagusa hata punje. Kwa maneno mengine, mnyama alikuwa na ushahidi kwamba hakuwepo.

"Basi ni mtu," alisema Meneja.

Na mtu alikuwa mmoja tu mwenye nywila ya modemu asubuhi. Mama Kabula aliitwa aje Shinyanga. Mzee Masanja hakuwepo wiki hiyo. Alikuwa likizo kwao Mhunze akivuna. Tulikaa watatu: Meneja, Mama Kabula, na mimi na karatasi zangu.

"Mama Kabula," alisema Meneja, "inasemekana unaimba kwaya."

"Sauti ya pili, Meneja."

"Na unaangalia kwaya kwa bando la maabara."

"Mara moja. Wimbo mmoja. Tena ulikwama kwenye kiitikio, sikuumaliza mpaka leo."

"Mara moja ndiyo wote mnaanzia. Minza, msomee."

Nikamsomea. Nilimweleza kwamba programu inapakua usiku kama ilivyoagizwa, kwa hiyo data ya asubuhi inaliwa na kitu kingine. Nilitumia kidole kuonyesha mistari. Aliinama akatazama kidole changu kinapoishia.

"Hapo pameandikwaje?"

"Sifuri mbili, kumi."

"Saa mbili na dakika kumi. Nikishafungua dirisha la kupokelea."

"Hapana, mama," nilisema. "Kompyuta haihesabu kama sisi. Yenyewe inaanza siku usiku wa manane. Hiyo ni saa nane usiku."

Aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Hakuwa na hasira. Ndipo akauliza: "Binti, hiyo saa mbili ni saa mbili ya nani?"

"Ya kompyuta, mama."

Hilo halikuwa jibu, na nadhani sote wawili tulijua. Meneja alicheka kidogo, akamkabidhi barua ya kujieleza ndani ya siku saba. Asipojieleza vya kutosha, kazi basi. Kabula, mwanawe, alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na mshahara ule ndio uliokuwa unamsomesha. Mama yake aliikunja barua mara nne akaiweka kwenye mkoba pamoja na tiketi ya basi.

Mimi nikaagizwa niandike taarifa ya kitaalamu. Meneja aliniambia hata mstari wa mwisho utakavyosomeka: matumizi yalifanywa na binadamu.

Niwe mkweli hapa, maana kumbukumbu nyingi za kazini zinaruka sehemu kama hii. Niliiandika. Kurasa mbili, na jedwali. Kilichobaki ilikuwa sahihi, na kilichonizuia haikuwa huruma. Kilikuwa dakika.

Nilikuwa natazama jedwali langu mwenyewe. Siku ya kwanza Fisi alianza kula 02:05. Siku iliyofuata 02:11. Iliyofuata 01:58. Jumatatu 02:40. Nikajiuliza: mlango amefunguliwa tangu 00:00, kwa nini anangoja? Na mashine gani inayochelewa Jumatatu? Mashine haitoki kanisani ikiwa imechoka, haisubiri mvua ipungue. Zile zilikuwa dakika za mtu anayefika kazini.

Nilimwendea Meneja nikamwambia sitasaini mpaka nifike kituoni.

"Umeajiriwa kuweka vikomo," alisema, "si kufanya upelelezi."

"Kikomo nilichoweka sijawahi kukiona kikifanya kazi. Nataka kukiona."

"Na ukisaini leo kinapungua nini?"

"Mtu mmoja," nilisema.

Alinipa siku mbili, zikatwe kwenye likizo yangu. Sikuwa na likizo bado. Alizikata hivyo hivyo.

Basi lilipita Tinde tukanunua mahindi ya kuchoma, tukashika njia ya Kahama, halafu tukapanda kaskazini hadi barabara ikawa nyekundu na karasha za kusagia mawe zikaanza kusikika kabla hazijaonekana. Nililala nyumba ya wageni. Asubuhi nilikuwa mlangoni pa kituo kabla haujafunguliwa.

Mama Kabula alikuja na funguo na ndoo ya maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunifukuza au kuniona?"

"Kuona Fisi."

"Basi kaa. Anaamka sasa hivi."

Sikuuliza alimaanisha nini. Alifungua dirisha, akawasalimia wachimbaji wawili, mwangaluka, mwangaluka, akafuta meza, halafu akawasha kompyuta. Nilishtuka.

"Mama, kompyuta huwa mnaizima?"

"Kila jioni. Tunatumia sola. Nikiiacha, asubuhi hata mizani haiwaki."

"Nilituma ujumbe isizimwe."

"Ulituma kwenye kompyuta. Nikausoma ikiwa imewashwa."

Hapo ningepaswa kuona kila kitu, na sikuona. Kompyuta ilipokaa sawa nilitazama saa yake chini kulia. Ilisema 02:06. Nikawaza: saa mbili na dakika sita, sawa. Nikatazama tena baada ya kufungua programu: 02:08. Sawa. Nilitazama mara tatu, nawaapia, na mara zote nikaona sawa, kwa sababu ilikuwa saa mbili asubuhi, jua liko dirishani, na mimi pamoja na shahada yangu yote huwa nafikiri saa kwa Kiswahili kama mtu mwingine yeyote.

Mita ya modemu ikaanza kukimbia. Fisi alikuwa anakula. Nilifungua kanuni zake: ruhusa kuanzia 00:00 hadi 06:00. Anakula saa mbili asubuhi, nje ya muda. Nilijua nimempata. Nikachukua simu yangu niandike muda wa kosa, na simu ikasema 08:09.

Nilikaa nikitazama zile saa mbili, ya simu na ya kompyuta, kama mtu anayeangalia ndugu wawili wanaokana kujuana.

Nilifungua mipangilio ya saa. Kompyuta ya kituo ilikuwa imewekwa kwenye majira ya mji mmoja wa Amerika ya Kusini. Tofauti ya kule na huku ni saa sita kamili. Kule kukiwa saa nane usiku, huku ni saa mbili asubuhi, na kioo kinasomeka 02:00, ambayo ndiyo namba ambayo kila mtu kituoni angetarajia kuiona. Hakuna aliyelalamika kwa sababu kwa watu wote waliokuwa wakiitazama, saa ile ilikuwa sahihi kuliko saa zote.

Fisi hakuvunja kanuni. Nilimwambia ale usiku, na kwake ulikuwa usiku. Alikula bando la mchana kuanzia dirisha linapofunguliwa, chini ya ruhusa niliyompa mimi, halafu akaandika kwenye orodha kwamba alikuwa anakula usiku. Nilipofungua ujumbe uliorundikana kwenye modemu, ambao hakuna aliyewahi kuusoma, ulikuwa unasema jambo moja kila alfajiri: bando lako la usiku limeisha muda wake. Lote. Halikuguswa.

"Mama Kabula," nilisema, "nani aliweka saa hii?"

Alikuwa anafunga mfuko wa sampuli. Alivuta uzi, akakaza fundo.

"Mimi sijui mambo ya kompyuta, binti. Mimi najua huyo mnyama wenu anapakua bila kuuliza nani hajala. Kwetu mtu wa hivyo hapewi mwiko."

Nikarudi Shinyanga. Mzee Masanja alikuwa ametoka Mhunze na gunia la mtama. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama, mikono hewani. Nilipofika kwenye Amerika ya Kusini alikaa.

"Na Mama Kabula amesema nini?"

"Amesema hajui."

"Hm," alisema Mzee, akaanza kufungua mpira wa kile kifaa chake na kuufunga upya, ingawa haukuwa umelegea.

Siku ya saba tulikaa wanne, na chai. Niliweka mezani taarifa mpya. Ya zamani nilikuwa nimeichana, na vipande niliviweka mezani pia, kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na mitano na nilipenda kuonekana. Nilieleza saa, dakika za kuchelewa, bando la usiku lililolala. Meneja alisoma mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye fomu, na fomu ilikuwa na nafasi moja tupu.

"Nimeelewa," alisema. "Mama Kabula hana kosa. Lakini saa haijibadilishi. Nani aliibadilisha?"

Mzee Masanja aliweka kikombe chini. "Mimi nina..."

"Mzee Masanja," alisema Mama Kabula, "kunywa chai, inapoa."

Meneja alicheka, nami nikacheka. Mzee alikishika kikombe tena. Nilidhani ni mzaha wa watu wazima waliofanya kazi pamoja miaka mingi.

"Fomu inataka jina," alisema Meneja.

Nilichoka na fomu. Nilichoka na ile hamu ya jina. Wiki nzima tulikuwa tunatafuta mtu wa kumkata kikomo, na mashine ilikuwa inakula mbele yetu ikiwa na karatasi safi.

"Andika langu," nilisema. "Nilimpa Fisi ruhusa ya masaa sita bila kikomo kwenye kompyuta ambayo sijawahi kuiona, na sikuangalia inaishi kwenye saa gani. Aliyebadilisha saa hakumwibia mtu. Aliyefungua mlango ni mimi."

"Ukishaandikwa hakuna kufuta."

"Sijaomba kufutiwa."

Akaandika. Ndiyo barua yangu ya kwanza ya onyo. Baadaye ilipata wenzake. Mama Kabula alisimama, akasema "wabeja", ambayo ni asante, bila kumtazama mtu yeyote hasa, akaenda kuwahi basi. Kesho yake Mzee Masanja aliniwekea mezani kile kifaa chake cha kupimia umeme, na mpira wake wa baiskeli. Nilisema bado ana miezi minne ya kukitumia. Akasema macho yake yamechoka kusoma sindano. Nilimwamini.

Baada ya hapo vituo viliongezeka hadi sita, na kazi yangu ikawa kufunga mafisi. Mengi nimeyaandika kwenye daftari la kijani ambalo mtalikuta, lakini machache niyaseme hapa kwa sababu yaligharimu wachimbaji siku zao.

Programu nyingi zinahesabu kikomo kuanzia zilipowashwa. Kituo kimoja umeme ulikuwa unakatika mara nne kwa siku, na kila ukirudi kikomo kinazaliwa upya, mnyama anakaa mezani kama hajawahi kula. Hesabu iwekwe kwenye modemu, siyo kwenye programu. Halafu kuna faili linalokatika njiani: programu mbovu hairudi pale lilipoishia, inaanza mwanzo, na faili moja kubwa likikatika mara kumi umelipakua mara kumi na hunalo. Hapo kikomo cha siku peke yake hakisaidii. Weka kikomo cha ukubwa wa faili, na la kubwa zaidi mtu alibebe kwenye diski kutoka mjini. Niliwahi kudharauliwa kwa pendekezo hilo na kijana mmoja wa jiolojia aliyesema tuko karne nyingine. Nilimwambia basi la asubuhi lina kasi kuliko mtandao wake, akapima, akakubali. Nilimpenda kwa kupima.

Na kila mnapofika kituo kipya, kabla ya kugusa kikomo chochote, tazameni saa ya kompyuta, halafu tazameni nje.

Meneja alihamishwa. Walikuja wengine. Kila aliyekuja alitaka kitu kilekile kwa jina jipya: vikomo kwa watu. Orodha ya nani ametumia kiasi gani, ibandikwe ukutani. Kila mara nilifanya jambo moja. Nilikaa kituoni siku nzima na mita, nikapima mashine kwanza, na kila mara nilikuta mashine inakula na mtu anasingiziwa. Sisemi watu hawaangalii kwaya. Wanaangalia. Mimi mwenyewe nimeangalia. Nasema kwamba katika miaka tisa sijakuta mwimbaji aliyemaliza bando kabla ya programu iliyojiwasha yenyewe.

Mwaka huu agizo lilikuja limeshapitishwa. Programu imeshanunuliwa, inahesabu kila mfanyakazi kwa jina, inamkata yenyewe akifika ukingoni, na yenyewe inajipakulia masasisho yake kila asubuhi bila kikomo. Nilimuuliza aliyeileta: nani anaihesabu yenyewe? Akasema haihitaji, imetengenezwa na wataalamu. Nikamwambia mimi ni mtaalamu, na ndiyo maana nauliza. Akasema nisaini kwamba nimeipokea. Sikusaini. Mengine mnayajua, maana mliyasikia kupitia ukuta. Ninyi mnaobaki mtaambiwa mwiwashe. Sitawaambia mkatae; kila mtu ana watu wake nyumbani. Nawaambia kaeni na mita siku nzima kabla hamjasaini kitu chenye jina la mtu ndani yake.

Siku niliyokusanya vitu vyangu Mama Kabula alikuja Shinyanga. Sasa ana mvi, na Kabula ni muuguzi. Alibeba mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, akaumimina nusu mezani kwangu juu ya fomu ya utumishi. Tulitafuna. Aliona kile kifaa chenye mpira wa baiskeli kwenye boksi langu.

"Alikupa kweli," alisema. "Mzee wa watu, Mungu amlaze pema."

"Alisema macho yamechoka."

"Macho yake yalikuwa mazima mpaka anakufa." Akachagua kipande kingine. "Binti, wewe unauliza kila kitu. Mbona hukuwahi kuuliza kwa nini wale vijana waliacha kunicheka kwa lebo?"

Nikaacha kutafuna.

Alinisimulia kwamba Mzee Masanja alikwenda kituoni siku moja kubadilisha waya, akamkuta amefunga dirisha analia. Hakujaza fomu. Alifungua kompyuta, akaita orodha ndefu ya miji ya dunia, akamwambia avute kiti. Hakujua kwamba baada ya miaka miwili atakuja msichana kutoka chuoni na kuiambia programu ipakue usiku. Na siku ile nilipomsomea Mama Kabula karatasi zangu, nikimwonyesha kwa kidole, yeye alikuwa anajua tayari ile saa imetoka wapi. Angesema, barua ya tatu ingekwenda kwa mzee. Asiposema, yeye ndiye wa kwenda. Akanipa swali.

Mji ule wa Amerika ya Kusini Mama Kabula aliuchagua mwenyewe. Mzee alikuwa anateremsha orodha, na yeye amekaa kando yake, akilinganisha kila mji na saa ya mkononi mwake, mpaka akasema: hapo, simama hapo, hao wanahesabu kama sisi.